Bido, pipa, shambrea ao miti: ya kubeba motopompi juu ya Ziwa Kivu utachagua gani?

Mdogo wangu wa Bukavu alinitumia foto ya shambrea tano za kamioni zenye amefunga pamoja na kamba ya nailoni, akaniuliza "yaya, hii itabeba?" Nikamujibu, itabeba kilo ngapi? Akakaa kimya siku mbili.

Njo shida yetu sisi wote hiyo, tunaanzaka na kitu, hesabu inakuja nyuma. Ukishuka ku maji pale Keshero, hapa Goma, na kusema unataka kuweka motopompi (mashine ya kuvuta maji) juu ya ziwa, mtu wa kwanza atakuambia weka vitu nyepesi, wa pili atasema hapana weka vitu kubwa, na lazima iko mzee mmoja mwenye ataapa kama chuma haiwezi kuelea hata siku moja, na nyuma ya mgongo wake boti ya chuma ya kwenda Bukavu inapita imejaza watu na magunia. Mzee haigeukie.

Basi ninaandika hii kwa mtu mwenye anataka kutengeneza jukwaa ya kuelea, iwe ya motopompi, iwe ya kuanikia nyavu, iwe ya kufulia. Vitu vyenye tunapata huku kwetu ni bido (dumu) ya njano ya lita 20, pipa ya plastiki ya lita 200, pipa ya chuma, shambrea ya kamioni (ule mpira wa ndani wa gurudumu), miti, na ile povu nyeupe ngumu yenye inakuyaka mu karto ya televizyo. Tatu kati ya hizo nimetumia mwenyewe na franka zangu, moja ilinilipisha vibaya, nitaisema.

Mbele ya yote hesabu, na usikimbie, ni ya mtoto. Lita moja ya maji ya Kivu inapima karibu kilo moja. Kitu yenye unaingiza mu maji inasukuma maji pembeni juu ikamate fasi yake, na maji nayo inarudisha, inasukuma ile kitu kwenda juu, na nguvu yake iko sawasawa na uzito wa maji yenye imetolewa fasi yake. Archimedes, Mgiriki wa Syracuse, alisema hivyo zaidi ya miaka 2200 iliyopita, na shuleni tulikuwa tunaikariri kama kasuku bila kuweka hata bido moja mu maji. Sasa weka bido: lita 20 imesukumwa, maji inasukuma na kilo 20, bido yenyewe tupu inapima karibu kilo 1, inabaki 19. Hiyo 19 njo mzigo wako. Lita toa kilo, basi, hakuna siri ingine.

Masi ni kile balansi inasema, volumu ni fasi yenye kitu inakamata, na densiti ni kilo ukigawanya na lita. Ikiwa chini ya 1 inaelea mu maji yetu, ikipita 1 inazama. Lakini densiti inakuambia paka kama kitu itaelea, haikuambie itabeba nini. Kijiti cha kibiriti kinaelea vizuri sana, kibebeshe basi motopompi tuone.

Kama unataka kuona na macho, tafuta bido nne sawasawa, zote za lita 20, volumu moja. Ya kwanza ijaze maji ya ziwa: itakaa palepale usoni, mgongo tu unaonekana, juu ile plastiki yenyewe ni nyepesi kidogo kuliko maji. Ya pili iwe ya mafuta ya mawese, kilo 18 hivi, itatoa kichwa kidogo. Ya tatu ya esansi (petroli) kwa kadhafi, wale wenye wanaiuzisha ku barabara, kilo 15 ao karibu, hiyo itabaki na kama sehemu moja ya tano juu ya maji (usifanye na moto karibu, na usimwage mu ziwa tafazali). Ya ine jaza mchanga mkavu, kilo 30 na kitu, inashuka chini bila kuuliza. Bido ni ileile, lita ni zilezile, kilo njo zimebadilika. Mtu mwenye ameona hiyo mara moja hata akisahau jina la Mgiriki hakuna shida.

Kuna wenye wanachukuaka hesabu ya video za watu wa bahari, Mombasa ao Dar, kiisha wanasema kule wanatumia bido chache. Maji ya chumvi ya bahari inapima kilo 1 na gramu 25 hivi kwa lita, basi ku bido moja ya 20 unapata nusu kilo zaidi, siyo kitu ya kukufanya ubadilishe mpango. Ingekuwa ile Bahari ya Chumvi ya kule karibu na Yeruzalemu, yenye lita moja inapima kilo 1.24, hapo sawa, tungeongea. Na ziwa yetu nayo iko na mambo yake: juu maji ni ya kawaida, lakini ukishuka chini sana, na Kivu inafika mita karibu 485, maji iko na chumvi na gazi mingi mpaka ni nzito kuliko ya juu, njo maana haipande, inakaa kule chini na gazi yake imefungiwa. Densiti njo inafunika ile chungu. Kwa jukwaa yako lakini hiyo haibadilishe kitu, wewe uko paka mu nusu mita ya juu.

Sasa tulinganishe, na juu mtu asitudanganye na ukubwa tuweke vyote ku lita 200:

bido 10: kilo 10, inabeba 190
pipa moja ya plastiki: kilo 9 ao 10, inabeba 190
pipa moja ya chuma: kilo 18 mpaka 20, inabeba 180
shambrea 2 kubwa za kamioni, moja lita 100 hivi: kilo 8 zote, inabeba 190 na kidogo
povu nyeupe: kilo 4, inabeba 196
mkalitusi mkavu: kilo 140 hivi, inabeba 60
mkalitusi mbichi: karibu kilo 200, inabeba sifuri, unajibeba wenyewe kwa shida

Angalia vizuri mustari wa chuma na mustari wa povu. Chuma, lita moja inapima kilo karibu 8. Povu, lita moja inapima gramu 20 hivi. Moja ni nzito kuliko ingine mara mia nne, na tofauti ya mzigo ni kilo 16 tu! Juu yenye inabeba ni ile hewa ya ndani, chuma ni ngozi tu. Ukichukua balansi na kupima pipa nzima pamoja na hewa yake, kilo 20 mu lita 200, densiti yake ni 0.1, chuma ao hapana. Kwa hiyo ule mzee wa Keshero iko na haki nusu: kipande cha chuma kinazama, pipa ya chuma haizame, mpaka siku yenye maji inaingia na kukamata fasi ya hewa.

Na ile siku njo inafaa kukuchagulia. Kubeba, zote zinabeba karibu sawa (toa miti). Swali iliyobaki: ikitoboka, unapoteza kilo ngapi, na unapoteza upande gani?

Hapa njo nianze na ile yenye ilinilipisha. Jukwaa yangu ya kwanza ilikuwa ya shambrea. Kila kitu ilikuwa nzuri, unazikunja bila hewa, motari anazibeba zote tano mara moja, ku maji unajaza na pompi ya baiskeli mpaka mikono inakufa, na bei yake ni ya chini juu unanunua zenye zimeshonwashonwa kwa mtengeneza mipira. Mchana na jua kali zilikuwa ngumu kama ngoma. Usiku maji inapoza hewa ya ndani, hewa ikipoa inakunywea, shambrea inalegea, jukwaa inashuka vidole viwili na inaanza kuchezacheza. Hiyo bado haikuwa shida. Shida ni pwani yetu. Wenye wanajua Goma wanajua, hapa hatuna mchanga, tuko na mawe ya mlima wa moto Nyiragongo, ile nyeusi yenye inakata kama wembe, lava ya 2002 iliingia mpaka mu ziwa yenyewe. Usiku moja upepo ulisukuma jukwaa mpaka ku mawe, shambrea moja ikatoboka, kilo 95 zikaenda mara moja na zote za kona moja, jukwaa ikalala, na motopompi ikateremka taratibu kama mtu mwenye ameamua kuoga.

Ilikuwa mita sita hivi. Kijana mmoja alizama na kamba akaifunga, tukavuta, na ilikuwa nyepesi mpaka tukafikiri kamba imekatika, juu mu maji ile mashine ya kilo 26 inasukuma lita kama sita pembeni, inabaki kilo 20 tu ya kuvuta. Ilipotoa kichwa, pale njo ikatukumbusha uzito wake wote. Kila mama mwenye anachota maji na ndoo anajua hiyo kitu: ndani ya maji unavuta na kidole, nje unaita mtoto akusaidie. Karibirata ilikula siku nzima kuisafisha.

Nyuma ya hapo mimi na shambrea tuliachana kwa kazi ya kukaa. Kwa kazi ya nusu siku bado ni nzuri kuliko zote, unaenda nazo, unarudi nazo. Ila kitu ingine ya kujua: hewa mu kitu laini inabanwa ukiishusha chini. Shambrea yenye haijajazwa nguvu, ukiivuta chini, volumu yake inapunguka na nguvu yake ya kubeba inapunguka pamoja nayo, wakati kilo zake hazijapunguka hata moja. Huku kwetu tuko karibu mita 1460 juu ya bahari, hewa yetu haina nguvu kama ya Mombasa, basi mita 8 na nusu chini inatosha volumu irudie nusu, bahari inaombaka mita 10. Kwa hiyo usifikirie kama shambrea inabeba sawa juu na chini.

Pipa ya plastiki, mimi niliitumia ku jukwaa ya pili, ine, moja kila kona. Mzuri sana kwa macho, watu wanapita wanasifu. Kubeba: mara ine 190, inapita kilo 700, unaweza kuweka harusi. Na plastiki haikule kutu. Lakini fikiri: kona moja ni pipa moja. Kifuniko kikilegea kidogo, kilo 190 zinaondoka fasi moja, na jukwaa haishuke sawasawa, inainama, mzigo unateleza kwenda ku kona ileile ya ugonjwa, inainama zaidi. Ni hiyo kuteleza njo inaua. Ikiwa uko na pipa za kutosha kuweka sita ao nane, mbili mbili, sawa. Ine, hapana, labda ukae karibu na jicho lako liko juu yake kila siku. Bei nayo, pipa moja nzuri inakula bido mingi, na kuifikisha ku maji inaomba chukudu (kile kigari cha mbao cha kusukuma) ao gari.

Ya chuma sitakaa sana juu yake. Inabeba, inakula kutu kuanzia pale maji inagusana na hewa, tundu ya kwanza unaiona ikiisha kukuwa kubwa. Na iko hatari moja watu wanaichezea: pipa yenye ilikuwa na esansi ao mazutu (dizeli), hata ikiwa tupu, mvuke inabakia ndani, usiipeleke kwa mtu wa kusude (kuchomelea chuma) juu azibe tundu, inaweza kulipuka. Ukiikuta bure, iachie wenye wanachoma maandazi.

Povu nyeupe inashinda yote ku karatasi. Haina tumbo moja ya hewa, iko na vitumbo vidogovidogo elfu na elfu, uitoboe na msumari mara mia inabeba vilevile. Mimi ningeichukua bila kufikiri, ikiwa motopompi haikunywe esansi. Esansi inakula ile povu, jaribu kipande kidogo na tone chache, inayeyuka mbele ya macho yako kama sukari mu chai. Sasa jiulize mara ngapi ulijaza rezerva ya mashine bila kumwaga. Na huku tunaipata paka vipande vya karto, siyo bloki kubwa, unaanza kushona vipande mu kiloba, inamenyuka, zile punje nyeupe zinajaa mu ziwa mpaka samaki wanazikula. Mimi ninakataa. Kama ni jukwaa ya kufulia, bila mashine, na umefunga povu vizuri mu baashi (turubai), haya.

Miti. Watu wa kisiwa wananichekaga nikisema vibaya juu ya miti, juu mtumbwi ni mti. Ndiyo, lakini mtumbwi haubebe juu ya mti wake, unabeba juu ya tumbo yake tupu, ni pipa ya chuma ileile tu na sura ingine. Mti mzima uliolala hauna tumbo. Mkalitusi mkavu densiti yake inazunguka 0.7, basi kila lita 10 inakubebea kilo 3, na kila mwezi inakunywa maji kidogo, hizo 3 zinakuwa 2, na mbichi yenye ulikata juzi inaweza hata kuzama. Tumia mkalitusi kwa fremu, juu ya maji, siyo kwa kubeba. Mianzi ni hadithi ingine: kila fundo inafunga chumba chake cha hewa, ni sawa na bido kidogo kumi zimepangwa mustari na hakuna hata kifuniko kimoja cha kulegea. Shida yake ni jua, inapasuka kwa urefu, na hapo vyumba vyote vinafunguka.

Siku ya pili jioni mdogo wangu akajibu: "Kilo 240." Nikamwambia sasa tunaweza kuongea. Alihesabu hivi: motopompi 26, watu wawili 140, mbao na fremu 60, na tiyo (mpira wa kupitisha maji) yenye imejaa maji juu ya jukwaa 14. Nilifurahi na hiyo ya tiyo, wengi wanaisahau. Tiyo ya sentimita 7 na nusu inabeba maji lita karibu 4 na nusu kwa kila mita, na ile yenye iko juu ya jukwaa inapima kilo zake zote. Ile yenye iko ndani ya ziwa haikuhusu, maji mu maji haina uzito wa kubeba. Mbao pia alizihesabu zote, na iko sawa, mbao inaelea ndiyo, lakini ikiwa juu kwenye kukauka haisaidie kitu, ni mzigo kama mzigo ingine.

240 gawanya na 19 inatoka bido 13. Akaniambia basi 13. Hapana! Na 13 utasimama na maji mu viatu, wimbi moja la mchana linakupita juu, na ukisogea hatua moja kwenda ukingoni unalala. Mimi ninaweka karibu mara mbili, juu bido zote zizame nusu hivi tu: bido 24, zinabeba 456. Pale mwenzako akiruka juu, ao ukaleta bido ya esansi, jukwaa inashuka kidogo, inasukuma lita zingine, inatulia. Ile nusu yenye iko nje ya maji njo akiba yako. Waingereza tangu 1876 waliweka sheria meli ziwe na mustari ubavuni, mzigo ukifikisha maji ku ule mustari unaacha kupakia. Wewe chora wako na rangi, ku bido ya kila kona.

Na hapa njo bido inashinda kwangu, siyo juu ya kubeba, tumeona kubeba ni sawa na pipa. Ikitoboka moja kati ya 24, unapoteza kilo 19 kati ya 456, hausikie hata. Ikitoboka tatu bado uko na nafasi ya kumaliza kazi na kurudi. Unaifungua moja na kuweka ingine bila kutoa jukwaa ku maji, na bido ya njano unaipata saa yoyote, Birere, Kituku, ku mlango wa nyumba yako. Udhaifu wake ni kifuniko. Mchana jua linapasha hewa ya ndani, kiisha mvua ao wimbi linaipoza ghafla, hewa inakunywea, bido inavuta, na kama kifuniko hakikufunga vizuri inavuta maji. Kidogokidogo kila siku. Mwezi mmoja una nusu bido ya maji ndani na haujui. Mimi ninakata kipande cha shambrea ya zamani (iko na kazi basi!), ninaweka chini ya kifuniko, ninakaza, na ninalaza bido kifuniko kikiangalia juu. Chagua pia plastiki yenye bado iko laini, zile zimekaa ku jua miaka zinakuwa nyeupenyeupe, ukizikamua zinapasuka.

Kuzipanga nako: mbili mustari, kushoto na kuume, katikati wazi. Usizirundike katikati. Kubeba ni ileile lakini kupinduka ni ingine. Angalia wavuvi wa sambaza, mitumbwi tatu zimefungwa pamoja na miti mirefu; zile za pembeni zinasaidia, mtu akiegamia upande moja, yote isilale. Motopompi katikati na chini, watu wakae, wasisimame wote upande moja kuangalia samaki. Ile boti iliyotoka Minova mu Oktoba 2024 ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, fasi watu walikuwa wanaiona inafika, ilikuwa imejaza kupita kiasi, na wengi hawakukuwa na jile (koti ya kuelea). Sisi hatujasahau.

Jile ao bido, kwa mtu? Mwili wa mtu densiti yake iko karibu sana na maji, ukijaza mapafu unaelea, ukitoa hewa unashuka, kwa hiyo kukubeba kichwa inje haiombe mingi, kilo chache. Hata bido ya lita 5 inaweza. Lakini bido inaomba mikono, na mikono ikichoka ao ukizimia inaenda zake. Jile nzuri ya mtu mkubwa inabeba kilo kama 10 na mara mingi inageuza uso uangalie juu hata umezimia. Hapo sichague bido. Jile mbili, ku jukwaa, zivaliwe, zisitundikwe ku msumari.

Ilibaki nanga, na hapa hesabu ileile inageuka kichwa chini. Tuko na vitu vya kilo 30, vyote kilo 30 ku balansi. Chuma mu maji kinavuta 26, juu kinakamata fasi ndogo, lita karibu 4 tu. Jiwe zito lisilo na matundu, 19 hivi. Bloki ya simenti ngumu, 17 na nusu. Kiloba cha mchanga, kama 18 na nusu, maji inaingia kati ya punje. Na lile jiwe la lava lenye matundu kama mkate, lenye wote wanaokota juu liko karibu, linakamata fasi kubwa kwa kilo zake, linaweza kukuvutia 10 tu, ao 12. Kwa hiyo kama hauna chuma, tembea kidogo utafute jiwe zito. Na ukitembea pwani ya kuelekea Sake, asubuhi mapema hakuna upepo, usishuke mu mashimo: mazuku ni gazi yenye densiti yake inapita ya hewa mara moja na nusu, inalala chini kama maji mu basani, mbuzi anaingia na hatoke, na mtu vilevile.

Jana foto ya pili imeingia kutoka Bukavu. Bido 22 za njano na mbili za bluu, mistari miwili, fremu ya mkalitusi mkavu, nanga ya kichwa cha mota ya zamani. Nimeikuza foto na vidole, za bluu zote mbili hazina kitu mdomoni. Nimemwandikia neno moja: vifuniko.